Gari Dogo la Japani na Lita Moja ya Petroli



Bila shaka umekwisha kuliona lile gari dogo la mizigo ambalo watu wa Tanzania huliita kirikuu. Hupita sokoni likiwa limebeba viazi, kreti za soda, mbao au mbuzi. Pua yake ni fupi. Matairi yake ni madogo. Mwenye lori hulicheka. Lakini jioni, wakati wa kuhesabu fedha za petroli, mwenye kirikuu ndiye anayecheka.

Gari hilo limetoka Japani. Halikutokea hivi hivi tu. Nyuma yake kuna historia ndefu ya watu waliokuwa na shida, na shida hiyo ndiyo iliyowafundisha kutengeneza magari yanayokula mafuta kidogo. Tuisome historia hiyo pamoja.

NCHI ISIYO NA MAFUTA

Japani ni nchi ya visiwa. Ukubwa wake haufiki nusu ya Tanzania, lakini watu wake ni karibu mara mbili ya Watanzania. Sehemu kubwa ya nchi ni milima. Watu, mashamba na viwanda vimebanana katika mabonde na kando ya bahari. Barabara za vijijini ni nyembamba. Tena, Japani karibu haina mafuta yake yenyewe ardhini. Karibu petroli yote inayochomwa huko hutokana na mafuta yaliyokuja kwa meli kutoka nchi nyingine.

Mwaka 1945 Japani ilishindwa katika Vita Kuu ya Pili. Miji mingi ilikuwa imeungua. Watu walitembea kwa miguu au kwa baiskeli. Petroli ilikuwa adimu sana.

Wakati huo alikuwako fundi mmoja aliyeitwa Soichiro Honda. Alikuwa mtoto wa mhunzi wa kijijini. Mwaka 1946 alipata injini ndogo zilizotumiwa na jeshi kuendeshea mitambo ya redio. Vita vilikuwa vimekwisha, na injini zile hazikuwa na kazi. Honda akazifunga kwenye baiskeli. Watu wakazigombea. Hivyo ndivyo biashara yake ilivyoanza, na mwaka 1948 akaunda kampuni yenye jina lake.

Kampuni nyingine ilikuwa imetengeneza ndege za vita. Baada ya vita ilikatazwa kutengeneza ndege. Mafundi wake wakabaki na mikono mitupu. Mwaka 1946 walitengeneza pikipiki ndogo, na kwa matairi walitumia magurudumu madogo ya mkia wa ndege yaliyobaki ghalani. Uwakumbuke mafundi hao, maana tutawarudia.

INJINI YENYE UKUBWA WA CHUPA YA SODA

Mwaka 1949 serikali ya Japani iliweka daraja maalumu la magari madogo. Gari likiwa halizidi kipimo fulani, mwenye gari angelipa kodi ndogo. Shabaha ilikuwa mtu wa kawaida na mfanyabiashara mdogo waweze kupata gari.

Kabla ya kuendelea, tueleze neno moja. Mafundi hupima injini kwa sisi. Utawasikia wakisema pikipiki ya sisi 125, au gari la sisi 1,500. Maana yake ni nini? Ndani ya injini mna silinda. Ndani ya silinda mna pistoni, ambayo hupanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu. Sisi ni kipimo cha nafasi ambayo pistoni zote zinaipita zinapopanda au kushuka mara moja. Nafasi hiyo ndiyo inayojazwa hewa na petroli. Kinu kikubwa hutaka mahindi mengi. Injini kubwa nayo hutaka petroli nyingi.

Kipimo cha kwanza cha mwaka 1949 kilikuwa kidogo mno, sisi 150 tu. Gari zima halikutakiwa kuzidi mita 2.8 kwa urefu na mita moja kwa upana. Kwa kweli hilo si gari, ni sanduku. Viwanda havikuweza kutengeneza kitu cha maana. Serikali ikaongeza kipimo hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1955 kikawa sisi 360 kwa injini za aina zote, na urefu wa mita 3.

Sisi 360 ni kiasi gani? Chukua chupa ya soda ya mililita 350. Injini nzima ya gari hilo, nafasi yake yote, ni chupa hiyo moja na vijiko viwili vya chai juu yake. Na gari lilitakiwa kubeba watu wanne.

Mwaka huohuo wa 1955 maofisa wa wizara ya viwanda na biashara waliandika mpango wa gari la wananchi. Walitaka gari la kubeba watu wanne, likimbie kilomita 100 kwa saa, na liende kilomita 30 kwa lita moja likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Bei walitaka iwe yeni 250,000. Viwanda vikasema haiwezekani. Mpango haukupata kuwa sheria, lakini habari zilitoka magazetini, na vichwa vya mafundi havikutulia tena.

MENDE WA KIJANI? LA, MDUDU KIBIBI

Kampuni ya Suzuki, ambayo mwanzoni ilitengeneza mitambo ya kufumia nguo, ilitoa gari lake dogo mwaka 1955. Lakini gari lililowatia Wajapani wazimu lilitoka mwaka 1958. Liliitwa Subaru 360. Watengenezaji ni walewale mafundi wa ndege tuliowataja. Mkuu wao alikuwa Shinroku Momose.

Mtu anayetengeneza ndege anaogopa uzito. Ndege nzito hairuki. Momose na wenzake walichukua hofu hiyo wakaiingiza katika gari. Magari mengi ya siku zile yalikuwa na chasisi nzito ya chuma, halafu bodi inawekwa juu yake. Wao waliiacha chasisi. Walitengeneza bodi ya bati jembamba iliyojikunja kama ganda la yai. Jaribu kulibana yai zima kiganjani. Ganda ni jembamba, lakini halivunjiki upesi, kwa sababu ya umbo lake. Paa walilitengeneza kwa plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Injini waliiweka nyuma. Gari zima likawa na uzito wa kilo 385, yaani chini ya magunia manne ya kilo mia mia.

Barabara nyingi za Japani wakati ule zilikuwa za vumbi, mawe na makorongo, hata barabara kuu kati ya miji. Kwa hiyo gari lile dogo lilijaribiwa huko huko kwenye mashimo na milima. Nguvu zake zilikuwa za farasi 16 tu, na mwendo wake wa mwisho kilomita 83 kwa saa. Wajapani walilipenda. Kwa umbo lake la mviringo walilipa jina la yule mdudu mdogo mwenye madoadoa, mdudu kibibi. Bei yake ilikuwa yeni 425,000. Haikufikia bei waliyoitaka maofisa, lakini familia nyingi ziliweza kujikusanya zikalinunua. Mpaka lilipoachwa kutengenezwa yalikuwa yametoka zaidi ya magari 390,000.

Gari hilo lilikuwa na kasoro, na lazima tuiseme. Injini yake ilikuwa ya aina ya chenso, ile mashine ya kukatia miti. Katika injini ya aina hiyo oili huungua pamoja na petroli, na petroli nyingine hutoka nje kabla haijaungua. Moshi ni mwingi. Gari moja si neno. Magari laki kadhaa ndani ya mji mmoja ni jambo jingine. Mwezi Julai 1970 wanafunzi wa shule moja ya Tokyo waliugua ghafla wakiwa uwanjani, macho yakiwawasha na pumzi zikiwabana. Hewa ilikuwa imechafuka kwa moshi wa magari na viwanda uliopigwa na jua kali. Watu wakaanza kuuliza: gari la bei ndogo lina faida gani ikiwa watoto hawawezi kuvuta pumzi?

MWAKA WA TAABU, 1973

Wakati huohuo kampuni kubwa zilikuwa zikitengeneza magari yenye injini kubwa kidogo. Mwaka 1966 zilitoka Datsun Sunny, sisi 988, na Toyota Corolla, sisi 1,077. Jina la Corolla huhitaji kuelezwa. Mpaka mwaka 2021 magari yenye jina hilo yaliyouzwa duniani yalikuwa yamepita milioni 50.

Huku kwetu Afrika Mashariki watu walianza kuyaheshimu magari ya Japani katika mbio za Safari. Datsun ilishinda mwaka 1970, ikashinda tena mwaka 1971 na 1973. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa gari dogo la Mitsubishi Lancer la sisi 1,600, akarudia tena mwaka 1976. Waliokuwa wakidhani gari dogo haliwezi tope walinyamaza.

Marekani mambo yalikuwa tofauti. Huko petroli ilikuwa rahisi na barabara pana. Magari mengi yalikuwa marefu na mazito, yenye injini za sisi 5,000 na zaidi. Gari jipya la Marekani la mwaka 1974, ukichukua wastani, lilikwenda kilomita 6 hivi tu kwa lita moja.

Kisha ukaja mwezi Oktoba 1973. Vita vilizuka kati ya Israeli na nchi za Misri na Siria. Nchi za Kiarabu zenye mafuta zikapunguza mafuta ziliyouza, na zikainyima kabisa Marekani na nchi nyingine kadhaa. Pipa la mafuta ghafi lililokuwa likiuzwa dola 3 hivi likafika karibu dola 12 ilipofika Januari 1974. Nchi maskini ziliumia vibaya, Tanzania ikiwamo, maana mafuta ni yaleyale na bei ni ileile. Japani nayo ilitetemeka. Wakati huo karibu robo tatu ya nishati yake yote ilitokana na mafuta.

Huko Marekani watu walipanga foleni saa nyingi kwenye vituo vya petroli. Wakiwa kwenye foleni walianza kuyatazama upya magari madogo ya Japani ambayo zamani waliyadharau.

VIJITI VIKAVU NA GOGO

Honda, yule mtoto wa mhunzi, alikuwa amejiandaa. Mwaka 1972 kampuni yake ilitoa gari dogo liitwalo Civic. Mwaka uliofuata wakalipa injini ya namna mpya. Mambo yake ni ya kitaalamu, lakini mtu yeyote anayewasha moto jikoni atayaelewa.

Petroli haiungui peke yake. Huchanganywa na hewa. Ukitia petroli nyingi na hewa kidogo, moto hushika upesi, lakini petroli haiungui yote. Hutoka moshi mbaya, na mafuta hupotea. Ukitia petroli kidogo na hewa nyingi, petroli huungua vizuri, lakini kuuwasha moto wake ni kazi. Mafundi walisumbuka na jambo hilo miaka mingi.

Wewe unawashaje gogo kubwa? Huligusishi kibiriti. Unaanza na vijiti vikavu, moto ukishika ndipo gogo linapokubali. Honda walifanya hivyo hivyo. Pembeni mwa silinda waliweka chumba kidogo. Katika chumba kidogo waliingiza mchanganyiko wenye petroli nyingi. Plagi huuwasha huo kwanza. Mwali hutoka kwenye chumba kidogo, ukaenda kuwasha mchanganyiko wenye hewa nyingi ulio ndani ya silinda. Moshi mbaya ulipungua na petroli iliungua vizuri.

Wakati huo Marekani ilikuwa imepitisha sheria kali juu ya moshi wa magari. Viwanda vikubwa vya huko vililalamika kwamba sheria haitekelezeki. Mwishoni mwa mwaka 1972 injini ya Honda ilipimwa na wakaguzi wa serikali ya Marekani, ikafaulu. Kampuni kubwa kama Toyota na Ford zikaomba ruhusa ya kuutumia ujuzi huo. Fikiri, kampuni iliyoanza na baiskeli!

Mwaka 1979 kulitokea mapinduzi Irani, na mafuta yakapanda bei tena. Safari hii viwanda vya Japani vilikuwa tayari kabisa. Mwaka 1980 Japani ilitengeneza magari milioni 11, ikaipita Marekani. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya Marekani walipoteza kazi. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 1981 Japani ikakubali kupeleka huko si zaidi ya magari 1,680,000 kwa mwaka.

MKULIMA WA MPUNGA NA GARI LAKE

Yale magari madogo kabisa, ya daraja la kodi ndogo, hayakufa. Serikali iliyaongezea kipimo: sisi 550 mwaka 1976, sisi 660 mwaka 1990. Mwaka 1998 yaliruhusiwa kuwa na urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, ili abiria wasiumie sana gari linapogongwa. Mpaka leo ndicho kipimo. Namba zake za kawaida ni za njano, hivyo polisi huyatambua kwa mbali.

Mwaka 1979 Suzuki ilitoa gari lililoitwa Alto kwa yeni 470,000. Wakati huo kodi ya gari la abiria ilikuwa kubwa kuliko ya gari la mizigo. Basi Suzuki wakaliandikisha Alto kuwa gari la mizigo, lenye kiti kidogo tu cha nyuma. Ujanja huo ulikuwa halali, na watu walilinunua kwa wingi, hasa akina mama wa vijijini waliotaka kwenda sokoni na kupeleka watoto shule. Mwaka 1983 ndugu yake Alto alianza kutengenezwa India kwa jina la Maruti 800, na Wahindi wengi walipata gari lao la kwanza kwa njia hiyo.

Rafiki mkubwa wa mkulima wa Kijapani, hata hivyo, ni gari dogo la mizigo. Vijia vya katikati ya majaruba ya mpunga ni vyembamba. Lori haliwezi kupita, lakini gari la mita 1.48 hupita. Jembamba kwa nje, sanduku lake ni bapa na limenyooka, nalo hupakia mbolea, majembe, mashine ya kupandia na mavuno. Ndilo gari ambalo sisi tunaliita kirikuu.

KABLA HAMJACHANGA FEDHA

Magari mengi ya Japani yanayofika kwetu yamekwisha kutumika huko. Kwa nini Wajapani huyauza yakiwa bado mazima? Sheria yao inataka gari jipya la abiria likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo ni ghali. Wengi huona afadhali kuuza. Japani huendesha kwa mkono wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, na usukani uko kulia. Kwa hiyo Vitz, Passo, IST na kirikuu hushuka bandarini na kuingia barabarani bila kugeuzwa.

Labda wewe na wenzako kikundini mnafikiri kununua kirikuu la kubebea mazao. Jueni kwanza jambo hili. Gari la mizigo la daraja hilo limetengenezwa kubeba kilo 350 na si zaidi. Hayo ni magunia matatu ya kilo 100, na kilo 50 zinabaki. Gunia la lumbesa usilihesabu kuwa kilo 100, maana sote tunajua lina zaidi. Ukipakia magunia saba, injini ya sisi 660 itapiga kelele, itakula mafuta kama gari kubwa, na breki hazitashika mteremkoni. Hapo faida yote ya udogo imekwisha, na roho za watu zimo hatarini.

Jambo la pili ni kujua gari lako linakula kiasi gani. Usitegemee maneno ya muuzaji. Usitegemee hata karatasi ya kiwanda peke yake. Vipimo vya kiwandani hufanywa gari likiwa juu ya magurudumu ya mashine, bila mashimo, bila mzigo, bila mlima. Tena wapo waliodanganya. Mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi ilikiri kwamba ilitoa hesabu za uongo za mafuta kwa magari madogo 625,000. Mwaka 2023 kampuni ya Daihatsu, stadi wa magari madogo, ilisimamisha kupeleka magari kwa wanunuzi baada ya kubainika kwamba ilikuwa ikighushi majaribio ya usalama kwa miaka mingi.

Pima mwenyewe. Chukua daftari na kalamu. Jaza tangi mpaka juu. Andika namba ya kilomita iliyo mbele ya dereva. Fanya kazi zako siku kadhaa. Kisha jaza tangi tena mpaka juu, uandike lita ulizotia na namba mpya ya kilomita. Tuseme namba ya kwanza ni 81,300 na ya pili ni 81,540. Toa. Umekwenda kilomita 240. Tuseme umetia lita 16. Gawanya 240 kwa 16. Jibu ni 15. Gari lako linakwenda kilomita 15 kwa lita moja. Wiki ijayo likishuka mpaka 11, na njia ni ileile na mzigo ni uleule, mwite fundi. Anza kwa kutazama upepo wa matairi. Kipimo chake kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mlango wa dereva. Tairi laini ni kama kutembea mchangani.

KITUO CHA PETROLI KIKIFUNGWA

Mwezi Desemba 1997 Toyota ilianza kuuza Prius, gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Gari likipunguza mwendo, nguvu zake hugeuzwa kuwa umeme na kutunzwa katika betri, badala ya kupotea bure kwenye breki. Ni ujuzi mkubwa, ingawa betri yake ikifa bei ya mpya humliza mtu.

Vijiji vya Japani sasa vina shida nyingine. Vijana wamehamia mijini, wazee wamebaki. Mwaka 1994 nchi nzima ilikuwa na vituo vya petroli zaidi ya 60,000. Siku hizi havifiki hata 30,000. Mzee wa kijijini huweza kusafiri mbali ili kutia petroli tu. Mwaka 2022 kampuni ya Nissan ilitoa gari dogo liitwalo Sakura, la daraja lilelile la namba za njano. Halina injini ya petroli. Linatumia umeme peke yake, na kwa kipimo cha kiwandani linakwenda kilomita 180 betri ikijaa. Mzee hulichomeka nyumbani kwake usiku, na asubuhi huenda nalo shambani au hospitali.